Snokeli, boya, mapezi na vibao: kipi kinamfundisha mtu mzima mtindo huru, na kipi kinamdanganya

Kama baada ya miwani una uwezo wa kununua kitu kimoja tu, nunua snokeli ya mbele, ile ambayo mrija wake wa kupumulia unapita katikati ya paji la uso. Kama una uwezo wa viwili, ongeza mapezi mafupi ya kuvaa miguuni. Boya la mapajani linafuata, tena kwa masharti. Vibao vya mikononi vinaweza kusubiri hata mwaka mzima, na ule ubao wa kupigia miguu ambao karibu kila bwawa limeurundika pembeni, uache palepale ulipo.

Kila kifaa cha kuogelea kinafanya jambo moja: kinakuondolea kazi fulani ili akili ibaki kwenye kazi nyingine. Kwa hiyo vyote tumevipima kwa maswali mawili. Kazi gani umeondolewa? Na ukikivua, kazi hiyo inarudi ukiwa umeiweza zaidi, au inarudi vilevile ilivyokuwa?

Kwanza mwili wenyewe. Hewa imejaa kifuani, uzito mkubwa uko nyongani na miguuni. Ukilala majini bila kufanya lolote kifua kinaelea na miguu inashuka. Mtu mzima anaongezea matatizo yake: mapaja mazito, vifundo vya miguu vilivyokakamaa kwa miaka ya viatu na kukimbia, na ile hofu inayomfanya aangalie mbele kuona anakokwenda. Kichwa kikipanda, nyonga zinashuka, na kuanzia hapo anaogelea kama anayepanda mlima. Nguvu zote zinaishia kuvuta miguu yake mwenyewe.

Snokeli ya mbele

Snokeli ya wapiga mbizi hukaa kando ya sikio, na kwa mtindo huru, ule wa kuogelea kifudifudi mikono ikipokezana, haifai. Mwili ukigeukia ubavu, mrija unavuta kichwa na kuchota maji. Ya mazoezi imefungwa kwenye paji la uso kwa kishikio cha plastiki, na mrija unapinda kufuata utosi. Faida yake inayojulikana ni kwamba hugeuzi kichwa kutafuta hewa. Isiyosemwa sana ni kwamba ncha ya mrija ni kipimo. Kichwa kikitulia, ncha imetulia. Kichwa kikizunguka pamoja na mabega, ncha inapepea kushoto na kulia kama waipa ya kioo cha gari, na mtu aliyesimama ukingoni anaiona hata kama si mwalimu. Ukikandamiza kidevu kifuani kupita kiasi, ncha inazama na unakunywa maji papo hapo. Hakuna kifaa kingine kinachokukosoa haraka namna hiyo.

Halafu kuna macho. Uso ukitulia, unaona mikono yako inavyoingia majini. Mkono wa kulia unatakiwa uingie mbele ya bega la kulia. Wengi wanashangaa kuukuta mbele ya pua, au umeshavuka kwenda upande wa pili. Siku zote hawakuuona, kwa sababu kosa hilo hupenda kutokea wakati wa kupumua, macho yakiwa yameelekea pembeni. Wakati huohuo mkono uliotangulia nao unazama: mwogeleaji anataka kunyanyua kichwa, anatafuta pa kuegemea, anakandamiza maji kwenda chini kwa mkono ulionyooka. Maji yaliyokandamizwa kwenda chini hayakusogezi mbele hata kidogo. Snokeli inaondoa sababu ya kuegemea, na ghafla mkono unabaki juu, kiwiko kinapata nafasi ya kukunjika, kiganja kinaelekea nyuma na kushika maji.

Shida za siku ya kwanza ni mbili. Ya kwanza ni maji puani. Pua iko majini bila kifuniko, na aliyezoea kuvuta pumzi kwa pua atavuta maji bila kutaka. Usianze kwa kuogelea. Simama kwenye maji ya kifuani, tia uso majini, vuta hewa kwa mdomo, toa kwa mdomo ukiachia kidogo puani mapovu yaonekane. Pumzi ishirini za utulivu, pumzika, rudia. Zikikaa sawa ndipo usukume ukuta. Kibanio cha pua kinasaidia wiki za mwanzo, lakini kisizoeleke, maana bila kutoa hewa puani utahangaika siku utakapovua snokeli.

Ya pili ni kuishiwa pumzi ilhali hewa ipo. Mrija unabaki na sehemu ya hewa uliyotoka kuitoa, na hiyo ndiyo ya kwanza kurudi kifuani unapovuta. Ukihema hemahema, unazungusha hewa ileile chafu, kaboni dioksaidi inajikusanya, na mwili unapiga kelele za kutaka hewa. Dawa yake ni pumzi ndefu na za polepole, na kutoa hewa yote. Maji yakiingia, yapulize kwa pigo moja kali kama unayezima mshumaa ulio mbali.

Kwenye kuchagua, angalia vali ndogo chini ya mdomo wa snokeli: iwepo, kwa sababu maji yanayosalia hukaa hapo na kutokea hapo. Angalia pia kamba. Ipite juu ya uvimbe wa kisogo. Ikishuka shingoni, kishikio kinacheza na mrija unatetemeka kila unaposukuma ukuta. Kofia ya silikoni inateleza chini ya kamba kuliko ya nailoni, jambo dogo linaloudhi sana. Sehemu ya kung'ata isiwe kubwa hadi taya zichoke. Taya zikichoka, shingo nayo inakaza.

Kasoro yake ni hii: inaondoa kupumua, na kwa mtu mzima kupumua ndio nusu ya vita. Anayeogelea na snokeli saa nzima anajenga mtindo mzuri unaovunjika mara tu anapogeuza kichwa. Mita 25 nayo, mita 25 bila, papo kwa papo, ukijaribu kubeba hisia ileile. Hivyo ndivyo inavyofundisha.

Boya la mapajani

Sponji ngumu yenye umbo la namba nane, inabanwa juu kabisa ya mapaja, karibu na makutano yao. Ikikaa chini zaidi, karibu na magoti, inanyanyua miguu kwa nguvu zaidi lakini inayumba. Unaibana kiasi cha kutodondoka tu. Wanaokamua mapaja wanakaza nyonga, na mwili unakuwa gogo lisilogeuka ubavu.

Kazi inayoondolewa hapa ni kunyanyua miguu, na hapo ndipo utamu na udanganyifu vilipo. Ukiweka boya, unateleza. Ukilitoa, umerudi mlimani. Ndiyo maana kwenye mabwawa mengi utamkuta mtu aliyeganda na boya kwa miaka, ana kifua cha mtumbwi na miguu ya nanga.

Litumie kama kipimo kwanza. Ogelea mita 50 nne kwa juhudi ileile, mbili ukiwa na boya na mbili bila, kwa kupokezana, ukipumzika nusu dakika kati yake, na uandike muda. Kama na boya unakwenda haraka kwa sekunde tano au zaidi na unahema kidogo, tatizo lako ni mlalo wa mwili. Kuongeza nguvu za mikono hakutakusaidia kwa sasa. Kama muda unalingana, miguu yako haikuburuti. Kama bila boya unakwenda haraka zaidi, miguu inafanya kazi yake na boya huna haja nalo sana.

Waliogundua kwamba wanaburuta hukimbilia kupiga miguu kwa nguvu. Misuli mikubwa ya mapaja inakula oksijeni nyingi, kwa hiyo wanapata mwendo kidogo na kuchoka upesi. Anza na kichwa: macho yaangalie sakafu ya bwawa, kisogo kiwe karibu kulingana na uso wa maji, kifua kiegemee chini kidogo kana kwamba umelalia mpira. Nyonga zitapanda zenyewe. Ajabu ni kwamba hata kuzuia pumzi ni sehemu ya tatizo: kifua kilichojaa hewa kinapanda, miguu inashuka, kama mizani ya sokoni.

Lakini boya lina jambo moja la kweli linaloonyesha. Bila miguu kusahihisha, kila mkono unaovuka katikati unasukuma mwili upande, na miguu iliyofungwa inapepesuka kama mkia wa samaki. Ukisikia mapaja yanagonga kamba ya njia, au mtu akakwambia unachora nyoka majini, kosa liko kwenye mkono unaoingia. Ukitaka kuzidisha ukali, funga vifundo kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, boya likiwa palepale. Mpira huo bila boya ni wa waliokwishaiva. Mwanafunzi atazama miguu kwanza.

Mapezi

Nunua mafupi na laini. Marefu ya wapiga mbizi yanakupa mwendo wa kufurahisha, ila yanapunguza kasi ya miguu hadi mdundo wa mateke unaachana na mdundo wa mikono, na ukiyavua huna cha kubaki nacho. Mafupi yanakuacha karibu na mdundo wako wa kawaida na yanaongeza nguvu kiasi cha kukuweka juu huku ukifanya zoezi la polepole. Hiyo ndiyo thamani yake: yanakununulia muda. Zoezi la kulala ubavu, mkono mmoja mbele na mwingine pajani, mateke sita kisha unageukia upande wa pili, kwa wengi haliwezekani bila mapezi kwa sababu wanasimama majini. Wakiyavaa, wanapata nafasi ya kusikia mwili unavyogeuka kuanzia nyongani.

Yanafundisha pia pale vifundo vinapogoma. Kuna watu wazima wanaopiga miguu kwa bidii na bado hawasogei, wachache wanarudi nyuma kabisa. Vidole vyao vinaelekea chini ya bwawa badala ya kunyooka nyuma, kwa hiyo kila teke linasukuma maji upande usiofaa. Wengine wanakunja magoti kama wanaoendesha baiskeli. Pezi linanyoosha kifundo kwa nguvu ya maji na kumwonyesha mtu kwamba teke linaanzia nyongani, goti likilegea kidogo tu. Nyumbani, kukalia visigino huku nyayo zimenyooka, nusu dakika hadi dakika, kunasaidia polepole. Goti likiuma, acha.

Saizi ndiyo inayowaharibia wengi. Pezi likibana, vidole vinakufa ganzi. Likilegea, linachubua kisigino kabla ya mita 200. Lijaribu likiwa limelowa, bila soksi. Misuli ya shavu la mguu au ya unyayo ikikaza ghafla, simama ukutani, vuta vidole kuelekea muundi, usiendelee kwa ubishi. Mwanzoni mita 200 kwa siku zinatosha.

Ubao wa kupigia miguu

Umeshika ubao mbele, mikono imenyooka, kichwa juu, unapiga soga na jirani. Shingo imepinda nyuma, kiuno kimebonyea, nyonga zimezama. Huo ni mlalo uleule tunaohangaika kuuondoa, na unaufanyia mazoezi mita 400 kila siku. Ukilazimika kuutumia, shika ukingo wa chini wa ubao, tia uso majini, inua uso kwa ajili ya hewa tu. Vinginevyo, piga miguu chali, mikono imenyooka juu ya kichwa, ukichunga magoti yasitokeze juu ya maji. Hapo unapata zoezi lilelile bila shingo kuumia, na hewa ipo muda wote.

Vibao vya mikononi

Vinaongeza eneo la kiganja, kwa hiyo kila vuta inakuwa nzito. Mwenye mtindo uliokaa sawa ananufaika. Mwenye kiwiko kinachoshuka anaongeza mzigo juu ya kosa, na bega ndilo linalolipa. Maumivu ya mbele ya bega baada ya vibao vikubwa ni malalamiko ya kawaida mno kuyapuuza. Mkono ukiingia kwa kidole gumba, kiganja kikitazama nje, bega limeshajipinda kabla ya kuvuta. Weka kibao juu yake na umejitafutia tabu.

Kama ni lazima, chukua vidogo, vya kufunika vidole au kuzidi kiganja kidogo tu, kisha fanya jambo ambalo mtengenezaji hakuliandika kwenye pakiti: ondoa kamba ya kifundo cha mkono, acha ya kidole cha kati peke yake. Sasa kibao kinakaa mkononi kwa msukumo wa maji. Mkono ukiingia vibaya, au ukiachia maji katikati ya vuta, kibao kinabanduka na kuelea. Kikibanduka mara tano kwenye mita 25, umeambiwa. Mita 100 za namna hii zinafundisha kuliko mita 1,000 zilizofungwa kamba mbili.

Vya kupimia: mlio na saa

Kuna kifaa kidogo cha kubana chini ya kofia kinachotoa mlio kwa muda uliopanga, FINIS Tempo Trainer Pro kikiwa ndicho kinachojulikana zaidi. Unaweza kukipanga hadi sehemu ya mia ya sekunde. Mtu mzima anakihitaji kwa sababu ya ugonjwa wa kuteleza: amesikia kwamba mikono michache ndiyo mtindo mzuri, basi ananyoosha mkono mbele na kusubiri. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Ukisubiri, mwendo unakufa, na kila mkono unakuwa kama kuwasha gari upya.

Anza na mdundo wako mwenyewe. Hesabu mikono 20, kulia na kushoto kila mmoja ukiwa moja, na upime muda. Ikiwa ni sekunde 24, kila mkono unachukua sekunde 1.2, yaani mikono 50 kwa dakika. Panga hapo, ogelea, kisha punguza kwa 0.05 kila baada ya mita 100. Utafika mahali mikono inaanza kukimbia bila kushika maji, viganja vinapita kama vinavyopapasa. Rudi hatua moja nyuma na ukae hapo wiki mbili.

Saa ya mkononi inafanya kazi tofauti. Wengi wanafuata alama inayojumlisha sekunde na idadi ya mikono kwa urefu wa bwawa: mita 25 kwa sekunde 30 na mikono 22 ni 52. Ina maana ukijilinganisha na wewe wa mwezi uliopita, haina maana ukijilinganisha na jirani mwenye mikono mirefu. Na kumbuka saa iko kwenye mkono mmoja. Nyingi zinahesabu mkono huo tu, na mita za miguu peke yake zinapotea kabisa kwa sababu mkono haukusogea.

Miwani

Kwa kifupi: ibandike usoni bila kuvuta kamba. Ikishika sekunde chache kabla ya kuanguka, ni ya uso wako. Isiposhika, hakuna kamba itakayoisaidia, na kuikaza ni kujipatia alama za bundi. Dawa ya kuzuia ukungu imepakwa ndani ya vioo. Ukisugua kwa kidole unaiondoa. Suuza kwa maji safi ya baridi, ikauke kivulini.

Ambaye hajaelea bado

Asinunue chochote kati ya hivi zaidi ya miwani. Hakuna hata kimoja kinachookoa maisha, boya likiwemo. Likichomoka kwenye kina, mtu yuko kwenye maji ya shingo kwelikweli. Kwanza aweze kulala chali bila kushikiliwa, na aweze kutoka kulala kifudifudi hadi kusimama: magoti yavutwe kifuani, mikono ikandamize maji chini, kichwa kiinuke mwisho. Watu wengi hupapatika kwa sababu walifundishwa kulala tu, hawakufundishwa kuamka.

Namna ya kuvipanga kwenye mita 1,000

Mita 200 za mwanzo taratibu, bila kifaa. Mita 200 na mapezi, vipande vinane vya 25, za ubavu na za mateke sita, ukipumzika sekunde 20 kila ukuta. Kisha vipande 12 vya 25, kimoja na snokeli, kimoja bila. Snokeli iache ukingoni badala ya kuisukuma juu ya kofia, ambako itahama na kukupotezea muda. Vipande vinne vya 25 na boya, akili ikiwa kwenye mkono unaoingia. Mita 200 za mwisho bila kitu, ukihesabu mikono kila urefu. Ukianza na 22 na kumaliza na 27, angalia ni urefu upi idadi iliporuka: mara nyingi ndipo kichwa kilipoanza kunyanyuka tena.